Kabla ya Mzee Kupewa Alama

Sisi tuliovaa kofia nyeupe zilizopigwa wanga mpaka zikasimama zenyewe, na saa iliyobandikwa kifuani kichwa chini miguu juu, tunakikumbuka kitabu cha ripoti. Kilikuwa na jalada gumu lililochakaa pembe, kikikaa juu ya meza ya sista wa zamu karibu na bakuli la enameli lenye sindano za kioo zilizotoka kuchemshwa kwenye jiko la Primus, na usiku ulipoingia tulikiandika kwa wino mwekundu chini ya taa ya chemli, harufu ya mafuta ya taa ikichanganyika na ya Lysol na ya tumbaku iliyokuja na ndugu wa wagonjwa, wale waliolala sakafuni juu ya mikeka, chini ya vitanda vya watu wao. Asubuhi kiliposomwa kwa sauti, wodi nzima ilijua nani amekula, nani ametapika, nani ameita usiku kucha jina la marehemu mkewe. Mzee aliyeanza kupotewa na kumbukumbu hakuwa na ugonjwa ndani ya kitabu kile. Alikuwa na sentensi: kitanda cha dirishani, hakulala, anatafuta ng'ombe wake.

Hakuna aliyeuliza ng'ombe gani. Kila mtu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alijua kwamba ng'ombe wa mzee yule waliondoka na askari mwaka 1980.

Siku hizi mzee anaandikwa kwa namba.

Nimeona jinsi namba hiyo inavyopatikana. Katika hospitali moja ya upande wetu, muuguzi kijana wa wagonjwa wa nje anatoa tableti kwenye mkoba. Anaifuta kioo kwa pindo la koti. Anamgeuzia mzee. Zinatokea picha za kutaja majina, maneno ya kukariri, mistari ya kufuatisha kwa kidole. Swali likiisha, jingine linajitokeza lenyewe. Mwisho jumla inatoka bila mtu kujumlisha. Muuguzi anainakili kwenye daftari la shule ambalo mzee kalinunua getini, maana kwetu mgonjwa bado anakuja hospitali na daftari lake kwapani, kisha anayefuata anaitwa. Mimi nimestaafu. Nakaa benchini na wazee wenzangu, nikisubiri dawa ya presha, na kutazama kazi ikifanywa na wengine ni starehe ambayo hakuna aliyeniambia kwamba ningeipata.

Enzi zetu kipimo kilikuwa salamu. Sista mkuu aliyetulea kazini, Mlugbara wa upande wa Maracha, mwanamke wa sauti nzito na hatua za taratibu, hakukubali kuzungumza na mzee akiwa amesimama, alivuta kigoda, akakaa mpaka macho yake yakalingana na ya mgonjwa, akaanza na "Mi ngoni?", akangoja, kwa sababu salamu ya kwanza ilikuwa ya adabu tu, ya pili ilikuwa ya nyumba na watoto, na ya tatu ya mashamba na mvua, na hapo ndipo alipoanza kusikiliza kwa makini. Kisha akaingia kwenye ukoo. Alimwomba mzee amtajie baba yake, na aliyemzaa baba, na aliyemzaa huyo, majina yapande mpaka yafike kwa Jaki au Dribidu, wahenga ambao koo za Walugbara hujihesabia kwao, na milima ya Liru na Wati itajwe njiani. Mzee mwenye akili zake aliyamwaga majina yote kwa pumzi moja, akaongeza na ya wake. Aliyeanza kupungua aliruka babu mmoja, akarudi, akamtanguliza mdogo mbele ya mkubwa, au alijitia kikohozi mpaka swali lipite.

Sista hakuandika chochote. Alisogea kwa mjomba: nani alikula mahari ya dada yako, ng'ombe walikuwa wangapi, yupi alikuja na kidonda. Kwa Wakakwa wa Koboko ilikuwa vilevile, ila wahenga walibadilika. Kwa Wanubi wa mjini Arua alihamia Kinubi, akauliza harusi ya nani ilifuata ya nani. Akiinuka pale, alijua mengi kuhusu kichwa cha mgonjwa yule kuliko ambavyo daktari angejua kwa wiki nzima ya kupita wodini.

Siri yake ilikuwa moja. Majibu aliyajua.

Tusijidai kwamba karatasi hazikuwepo. Madaktari wageni walikuja nazo kwenye mifuko ya makoti yao. Ile ya Wamarekani, ya Folstein na wenzake ya mwaka 1975, yenye alama 30, ilienea dunia nzima. Ilimtaka mzee ataje msimu wa mwaka, kwa hesabu ya misimu minne ambayo kwetu haijapata kufika, na aseme tupo ghorofa ya ngapi, huku ameketi ndani ya jengo la mabati lisilo na hata ngazi moja. Ilimtaka atoe saba katika mia, na saba tena, na saba tena, na mama aliyeuza samaki wakavu soko la Arua akamkazia daktari macho, akauliza hiyo mia ni ya nani. Ungemwambia kuna mteja ana shilingi elfu kumi na deni la mia saba, angekuwa ameshakurudishia chenji kabla hujamaliza kusema. Nyingine ilikuwa ya Waingereza, ya mwaka 1972, maswali kumi tu, na mojawapo lilitaka mwaka ulioanza Vita vya Kwanza vya Dunia, jingine jina la anayetawala kwao. Wazee wetu walikwenda Burma na KAR, jeshi la Mwingereza la wakati wa ukoloni, katika vita vya pili. Wangeulizwa habari za vita hivyo, wangekutajia namba zao za jeshi na jina la koplo aliyewaonea. Vile vya kwanza vilikuwa vita vya baba zao.

Tulicheka. Karatasi zikarudi kwenye faili, nasi tukabaki na kigoda.

Kicheko kile bado ninakisikia kwa wauguzi wa rika langu wanapooneshwa tableti. Najua kinakotoka, ila sikiungi mkono mpaka mwisho, kwa sababu sisi wa West Nile, kuliko wengi, tumeshaoneshwa jinsi daftari linavyoweza kuona jambo ambalo jicho la upendo halilioni.

Kilomita chache kusini mwa Arua, kwenye barabara ya Nebbi, ipo Kuluva, hospitali ya misheni. Msomaji asiichanganye na Kuluba ya Koboko, ambayo nitaifikia. Daktari Ted Williams wa Africa Inland Mission aliianzisha mwaka 1941, nduguye Peter akaungana naye, na mwaka baada ya mwaka wagonjwa wakawa wanaandikwa kwa utaratibu uleule: ni nani, anatoka kijiji gani, ugonjwa ulianza lini. Mwaka 1961 Ted alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wenzake Denis Burkitt na Cliff Nelson, wakazunguka Afrika maili zipatazo 10,000 kutafuta uvimbe wa taya za watoto unaanzia wapi na unaishia wapi. Ilipofika mwaka 1967, kumbukumbu za wagonjwa wa West Nile wa miaka ya 1961 hadi 1965 zikachapishwa zikiwa zimepangwa kwa mahali na tarehe, na ikaonekana kwamba uvimbe ule ulikuwa ukijitokeza kwa mafungu, watoto wa sehemu moja kwa kipindi kimoja. Kila mtoto alikuwa na mama aliyejua habari zake zote. Hakuna mama aliyeweza kuliona fungu.

Kisha, kuanzia mwaka 1972, wakaja watafiti wa saratani kutoka Lyon, Ufaransa, na kuchukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa wilaya yetu, nami nikiwa mmoja wao. Nakumbuka ubaridi wa spiriti mkononi, pamba iliyokunjwa ndani ya kiwiko, mstari mrefu chini ya miembe na akina mama waliokuwa wakinong'onezana kwamba damu ile inakwenda kunywewa. Haikunywewa. Watoto wachache kati yetu waliugua miaka iliyofuata, na damu iliyokuwa imetunzwa kwenye barafu ikasaidia kuonyesha, katika matokeo ya mwaka 1978, namna kirusi cha Epstein-Barr kinavyohusiana na uvimbe ule.

Kwa hiyo anayejivunia madaftari ya Kuluva hawezi kuidharau tableti kwa kosa la kuwauliza watu wote swali moja kwa namna moja. Hilo ndilo lililoyapa madaftari yale macho.

Na kigoda cha sista, pamoja na yote kiliyoyaona, kilificha mengi. Mtu unayemjua unamsamehe, na msamaha huo wodini ulikuwa na jina lake: uzee. Mama aliyepika enyasa, ugali wa kwetu, tangu usichana wake alianza kumimina unga kwenye sufuria kavu, akawasha moto, akakaa kungoja; nyumbani wakasema karogwa, majirani wakasema yeye ndiye anayeroga, hospitali wakasema uzee, akarudishwa kwao na vidonge vya Panadol na maneno mazuri. Labda ulikuwa ugonjwa wa kusahau kweli. Labda ilikuwa tezi ya shingo iliyolegea, au upungufu wa vitamini B12, au kaswende ya zamani iliyopanda kichwani, au mtoto wa jicho pamoja na uziwi, au huzuni ya mtu aliyezika watoto wake ugenini. Yote haya hufanana na usahaulifu, na mengi kati yake yana dawa. Ukoo wa kutajwa hautenganishi hata moja na jingine. Heshima yetu kwa wazee ilikuwa ya kweli, na baadhi yao walikwenda nayo kaburini mapema kuliko ilivyohitajika.

Kisha ukaja Ukimwi, na vijana wa miaka thelathini wakaanza kupotea njia ya kwenda kwao. Hapo salamu ilikwama kabisa, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumshuku kijana kwamba anasahau. Mwaka 2005 kilitoka kipimo kifupi kilichojaribiwa Marekani na Kampala, na Noeline Nakasujja wa kwetu Uganda akiwa miongoni mwa waliokiandaa: maneno manne ya kukumbuka, mbwa, kofia, haragwe, nyekundu, kugonganisha vidole upesi, kuweka mkono mezani kwa ngumi, kwa kiganja, kisha kwa ubavu, na kurudia. Hakikuhitaji penseli. Hakikumuuliza mtu ghorofa. Nilikipenda siku ileile nilipokiona, nikajua pia kwamba wakati wa kucheka karatasi umekwisha.

Ndiyo maana ninapowasikiliza wauguzi wa leo siwagawi kambi mbili, wapenda mashine na wachukia mashine. Kwa kawaida ni mtu mmoja anayesema mambo mawili kabla chai yake haijapoa.

Anasema tableti haisahau swali. Yeye husahau, akiwa peke yake na wodi nzima. Anasema inajumlisha vizuri saa tisa za usiku, wakati yeye hajumlishi vizuri. Anasema inamwondolea aibu. Kumuuliza mzee wa watu leo ni siku gani ni kumtendea utoto mbele ya wakwe zake. Kioo kikiuliza, muuguzi anabaki mtoto mwenye adabu aliyeshika kioo tu. Jambo hili sikulitegemea, na linanifurahisha. Tulidhani mashine itavunja heshima. Pengine inailinda.

Halafu, kwa pumzi hiyohiyo, anasema macho yake hayatoki kwenye kioo. Mzee akikunja uso, hamwoni. Mzee akimtazama mwanawe kabla ya kujibu kila swali, akiomba jibu kwa macho kama anavyofanya mtu aliyeanza kupungua, hamwoni. Sista wetu angeliona hilo kwanza kuliko yote. Tableti haina mahali pa kuliandika.

Na kuna umeme. Kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa. Tuliishi kwa jenereta lililonguruma saa chache jioni na kuzima, na kila mtu akajua kwa sauti ya injini ikiwa mafuta yanaelekea kuisha, mpaka bwawa la Nyagak lilipoanza kutoa umeme mwaka 2012, nao tukaupokea kwa shangwe na mishumaa mkononi. Kitabu cha ripoti hakikuhitaji chaji. Wala hakikusomeka wilaya ya pili. Faili la mgonjwa wetu liliishia kabatini, na kabati liliishia kwa mchwa. Takwimu za leo zinazotumwa Kampala kwa kompyuta, pamoja na upungufu wake, hazijaliwa na mdudu.

Lugha nayo ina mambo yake. Muuguzi katoka Mbale. Mzee anasema Kikakwa. Maswali yako kwa Kiingereza. Anaitwa mfagiaji wa wodi atafsiri. Mfagiaji ana huruma, na mzee ana umri wa baba yake. Maneno ya kukariri anayarudia mara ya pili bila kuombwa, na zoezi la kutaja wanyama likikwama anageuka polepole kuelekea dirishani, ambako mbuzi wa mlinzi anakula ua, anakohoa. Mzee anasema mbuzi. Muuguzi anagusa kioo, jibu linahesabiwa. Nilicheka benchini mpaka nikaombwa ninyamaze.

Suala la umri halichekeshi hivyo. Mzee wetu alizaliwa mwaka wa nzige, au mwaka fulani wa njaa, au baba yake alipokuwa akilima pamba ya serikali. Mwaka 2014 walipokuja kuandikisha vitambulisho vya taifa, karani alimkadiria kwa mvi, akampa mwaka na, mara nyingi, Januari mosi. Tangu hapo mzee ana umri wa namna mbili: wake, na wa kadi. Wa kadi anaukumbuka vizuri, kwa kuwa ndio unaomtenga na shilingi 25,000 za kila mwezi ambazo serikali huwapa wazee waliofika miaka 80. Sasa anaulizwa alizaliwa lini. Akitoa wa kweli, haulingani na kadi. Akitoa wa kadi, anahesabiwa kuwa na akili timamu kwa kukumbuka kosa la karani.

Haya yote yana ufumbuzi, na baadhi umepatikana karibu nasi. Wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, wataalamu wa Tanzania wakishirikiana na wa Newcastle, Uingereza, waliunda katika miaka ya 2010 kipimo kwa ajili ya wazee wa Afrika, wakianza na ukweli kwamba wengi wao hawakwenda shule. Penseli wakaiweka kando, wakachukua njiti za kiberiti: mzee anaoneshwa umbo, analipanga upya mezani. Badala ya mfalme wa ng'ambo wakauliza jina la kiongozi wa kijiji. Baadaye maswali yakaingizwa kwenye programu ya simu ili mhudumu asiye bingwa aweze kuyatumia vijijini, na matokeo ya jaribio yakachapishwa mwaka 2021. Niliposikia habari za njiti nilimkumbuka sista. Angezipenda. Angeuliza kwanza nani atalipa kiberiti.

Lakini muuguzi mwenzangu mdogo ana swali zito kuliko yote hayo, na tableti hailijibu: tukishampa mzee alama, tumpeleke wapi? Duniani wagonjwa wa demensia, ndio huo ugonjwa wa kusahau, wamepita milioni 55, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na dawa ya kuuponya haijapatikana. Aliye na tezi atapata vidonge. Aliye na huzuni atapelekwa kwenye kitengo cha afya ya akili, ikiwa ndugu wana nauli ya bodaboda. Aliye na ugonjwa wenyewe atarudi nyumbani kwake na jina jipya. Kwa familia nyingine jina hilo ni ukombozi: mama si mchawi, ni mgonjwa, ubongo wake unaugua kama figo inavyougua, mwacheni. Hilo peke yake ningelinunua kwa bei ya tableti. Kwa familia nyingine ni ruhusa ya kuuza shamba lake.

Nimeacha kwa makusudi jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu halikuletwa na mashine.

Sista wetu aliyajua majibu kwa kuwa yeye na mgonjwa walitoka kwenye vilima vinavyoonana. Mfumo mzima wa kigoda ulisimama juu ya hilo. Rais Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, na jeshi lilipotuingilia mwaka uliofuata, tulivuka na magodoro kichwani, wengine Sudan, wengine Zaire. Mimi Kiswahili hiki nilikipata Aru na Ariwara, kwenye soko la mihogo na vitenge, nikiwa msichana asiye na darasa. Tuliporudi, mashamba yalikuwa yamemea vichaka na wazee waliokuwa wakisahihisha majina ya babu zetu walikuwa wamezikwa ng'ambo. Mzee akiruka babu mmoja, nani sasa wa kumkosoa? Wajukuu waliozaliwa ukimbizini walimsikiliza kwa heshima na kukubali kila alichosema.

Kisha tukawa sisi wa kupokea. Mwaka 2016 vita vya Sudan Kusini vilipofika Yei, watu walimiminika Koboko, na Kuluba, kata ya mpakani ambako nchi tatu zinakaribiana, ikawa mahali pa kuwapumzisha kabla ya kupelekwa makazini. Bidibidi ya Yumbe, iliyofunguliwa Agosti mwaka huo, ikajaa haraka ikawa miongoni mwa makazi makubwa ya wakimbizi duniani, na makazi ya Lobule yalikuwa tayari yamechukua Wakongomani. Mzee Mkakwa wa Yei anasema lugha moja na Mkakwa wa Koboko. Wanataniana. Lakini ukimuuliza mahari ya dada yake, shahidi wa jibu yuko upande wa pili wa mto, au hayuko tena. Arua nayo imekuwa jiji tangu Julai 2020, ina maghorofa, kwa hiyo swali la Folstein linaanza kuwa na maana. Wauguzi wanapangiwa kazi kutoka Mbale, Masaka, Soroti. Ni wazuri, wengine wazuri kuliko tulivyokuwa. Hawajui ng'ombe wa mtu yeyote.

Tableti haikumnyang'anya sista kigoda. Ilimkuta ameshaondoka, na majibu yake yameondoka naye. Ilikuja kwa sababu muuguzi na mzee sasa wanakutana wakiwa wageni, na wageni wanahitaji maswali ambayo majibu yake hayategemei kujuana. Tunaoililia salamu ya zamani tunailaumu tableti kwa sababu iko mbele yetu na ina kioo cha kunyooshea kidole. Vita havina kioo. Wala jiji linalokua, wala zamu ya mtu mmoja.

Ninachokitaka ni kidogo, na vijana wachache wameshaanza kukifanya bila kuagizwa. Wakishanakili alama kwenye daftari la mgonjwa, wanamgeukia aliyemleta, binti au mkaza mwana, wanauliza: nyumbani amebadilika nini? Kisha wanaandika sentensi moja chini ya namba. Anapotea njia ya kisimani. Anapika bila maji. Ameacha kusali. Namba itamfikisha kwa daktari. Sentensi itamwambia daktari huyo kama kitu cha kuogopewa zaidi nyumbani ni moto, njia au upweke.

Kazi hiyo inakula dakika nyingine kumi, na dakika kumi ndizo bidhaa iliyoadimika hospitalini kuliko dawa. Tableti nimeziona zikishushwa kwenye gari zikiwa ndani ya maboksi mapya, watu wakapiga picha. Muuguzi wa pili wa zamu ya usiku bado tunamsubiri.